Napiga jazi, nimeombwa niongoze muziki wa tamthilia. Nikubali?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, na kwa miaka tisa sasa napiga piano ya jazi, zaidi nikiwa na mpiga besi na mpiga drams kwenye kumbi ndogo. Mwezi uliopita niliitwa kusaidia mazoezi ya tamthilia ya muziki kwa siku tatu. Waimbaji walilalamika kwamba hawapati pa kuingilia, na mwongozaji akaniambia nipige kilichoandikwa. Hata hivyo wiki hii mtayarishaji amenipigia simu akitaka niwe mkurugenzi wa muziki wa onyesho lao lijalo: waigizaji 14, bendi ya watu sita pamoja na mimi, wiki tano za mazoezi, kisha wiki tatu za maonyesho. Noti nasoma, ila polepole. Kuongoza bendi kwa ishara sijawahi kusomea. Je, nikubali? Nikiingia huko jazi yangu itakufa? Na kuna maisha kweli katika kazi hii, au nirudi shule kwanza?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mengi, lakini naona linalokuuma zaidi ni zile siku tatu: mtu mwenye miaka tisa kwenye piano kuambiwa apige kilichoandikwa, tena mbele ya watu. Nitaanzia hapo, kwa sababu ukielewa kilichotokea siku zile, suala la kukubali au kukataa litakuwa jepesi. Ila nisikuache roho juu: ushauri wangu ni kwamba kazi hiyo usiikatae, lakini usiichukue kwa cheo walichokupa. Masharti ya kuwaomba nitayaeleza mwishoni.

Hukupiga vibaya. Ulipiga kama mtu aliyezoea wenzake wawili wanaosikilizana naye na kujibizana papo kwa papo. Kwenye tamthilia, wengi wanaokutegemea hawana nafasi ya kukusikiliza namna hiyo. Mwigizaji anakumbuka maneno, hatua, mahali pa kusimama na barua anayotakiwa kuitoa mfukoni. Mcheza dansi anahesabu hadi nane kichwani. Mtu wa taa ana kidole kwenye kitufe, anangoja baa ya 33 (baa ni kipande cha muziki chenye mipigo michache, mara nyingi minne). Kila mmoja ameshika sauti moja au mbili za piano kuwa alama yake, na alama hiyo ikija na sura nyingine haitambui.

Chukua kordi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ya C7. Umezoea kuipiga kwa mkono wa kushoto kwa noti za E, A, Bb na D, ukimwachia mpiga besi C yenyewe. Ni kordi nzuri, na kwenye bendi yako iko mahali pake. Lakini chumba cha mazoezi hakina besi. Mwimbaji wa sauti ya pili anayetakiwa kuanza na C anasikia noti nne ambazo C haimo. Isitoshe, E na Bb ndizo zilezile zinazoibeba F#7, kordi ambayo noti yake ya msingi iko mbali na C anayoitafuta. Sikio lake halikukosea, wewe ndiye hukumpa msingi. Kwenye mazoezi piga noti ya msingi chini, kwa oktava panapowezekana, na weka juu au katikati noti ile hasa ambayo mwimbaji ataianza. Kordi zako za kupendeza zisubiri siku besi itakapokuja.

Jambo la pili ni kusukuma kordi. Kwenye jazi tunaitanguliza kordi nusu mpigo kabla ya baa kuanza, na ndipo muziki unapopata mbio. Anayejifunza wimbo kwa mara ya kwanza, akisikia kordi mpya, anaamini kwamba mpigo wa kwanza umefika. Ataingia mapema, kisha atasita, kisha ataangalia mwongozaji. Mpaka watu waujue wimbo kwa moyo, kordi iangukie pale ilipoandikwa.

Sasa nije kwenye vampu, maana hapo ndipo wapiga jazi wengi huumbuka. Vampu ni baa chache, mara nyingi mbili au nne, zinazorudiwa chini ya mazungumzo mpaka mwigizaji afike kwenye neno fulani, ndipo wimbo uendelee. Mpiga jazi akiona baa mbili zinajirudia, mikono inamwasha: mzunguko wa pili anabadili kordi, wa tatu anachelewesha mdundo, wa nne anaongeza kijisolo. Mwigizaji aliyekuwa akingoja noti tatu za mwisho za baa ya pili ili aingie, hazioni tena. Vampu ipigwe vilevile kila mzunguko, kwa sauti ya chini, na akili yako yote iwe kwenye maneno ya mwigizaji.

Ukitaka uhuru kwenye vampu, uhuru wako upo kwenye hesabu ya kutoka. Chukua tempo ya mipigo 120 kwa dakika, baa za mipigo minne. Mpigo mmoja ni nusu sekunde, kwa hiyo baa mbili ni sekunde nne. Kama mazungumzo yanachukua sekunde 11, mizunguko mitatu inakupa 12, na inabaki sekunde moja ya kuwaonyesha bendi kwamba mnatoka. Vizuri. Siku mwigizaji akivuta maneno hadi sekunde 12 na nusu, umeshaingia mzunguko wa nne. Ukingoja uishe, anasimama kimya sekunde tatu na nusu akiwa hana la kufanya, na ukumbini kimya hicho ni kirefu mno. Ila kama mlikubaliana na bendi kwamba mnaweza kutoka mwishoni mwa baa yoyote, kimya kinashuka hadi sekunde moja na nusu. Maamuzi ya namna hii, kwamba vampu hii inatokea baa yoyote na ile mpaka mzunguko uishe, yaandikwe kwenye skoa yako, yaani kitabu cha noti za onyesho zima, na kwenye karatasi ya kila mpigaji kabla ya zoezi la kwanza la bendi. Angalia pia tofauti ya vampu na marudio ya tahadhari: vampu imepangwa ijirudie, marudio ya tahadhari hupigwa mara moja na kurudiwa tu kama jukwaani kuna aliyechelewa. Ukizichanganya, utakuwa umebaki unazunguka wakati mwimbaji ameshaanza.

Kuhusu kuongoza bendi ukiwa kwenye piano: watu hudhani ni kupunga mikono, na kwa kuwa mikono yako ina kazi, wanaona haiwezekani. Kwenye tamthilia nyingi zenye bendi ndogo, mkurugenzi wa muziki huongoza hukohuko kwenye kinanda, kwa kichwa, kwa pumzi, na kwa mkono wowote uliopata nafasi. Kitu cha kwanza kujifunza ni mpigo wa maandalizi. Kwenye jazi unahesabu kwa sauti au unapiga vidole. Ukumbini hadhira itakusikia, na huenda jukwaani kuna mtu analia. Kwa hiyo unavuta pumzi na kuinua kichwa mpigo mmoja kabla, kwa tempo ileile mnayoiingia, kisha unashusha kwenye mpigo wa kwanza. Mpigo huo mmoja unabeba kila kitu: mwendo, ukubwa wa sauti, na kama kuingia kwenyewe ni kwa ukali au kwa upole. Ukivuta pumzi ya haraka kwa wimbo wa polepole, mpiga drams atakuamini, na mtaanza haraka.

Hapa mwili wako wa jazi utakusaliti kwa njia ambayo pengine hujawahi kuiona. Kichwa chako kinatikisika kwenye mpigo wa pili na wa nne. Mpiga trampeti aliyekaa kimya baa 40 akihesabu, akiinua macho anatafuta mpigo wa kwanza. Anaona kidevu kikishuka, anaingia, na yuko mpigo mmoja nyuma. Fanya hivi: weka simu mahali ambapo mpiga drams angekaa, jirekodi ukipiga wimbo mzima wenye mabadiliko ya tempo, kisha itazame video bila sauti. Kama wewe mwenyewe huwezi kuona baa inaanzia wapi, hakuna atakayeweza. Rudia mpaka mtu asiyejua muziki akitazama video hiyo isiyo na sauti aweze kupiga makofi kwenye kila mpigo wa kwanza.

Ugumu mwingine ni fermata, ile noti inayoshikiliwa kupita muda wake. Kuna ya kushikilia, kukata, kisha kimya kabla ya kuendelea. Kuna ambayo ishara ya kukata ndiyo hiyohiyo ya maandalizi ya baa inayofuata. Na kuna ya kushikilia na kumwagikia baa inayofuata bila kukata kabisa. Kwenye karatasi alama ni moja. Amua kila fermata ni ya aina gani, iandike, na uifanyie mazoezi mbele ya kioo mpaka ishara zisifanane.

Sasa kusoma noti. Nakwambia bila kuzunguka: kasi yako ya sasa haitoshi kwa ukurugenzi wa onyesho zima ndani ya wiki tano. Lakini ni ujuzi unaokua haraka kwa mtu mwenye sikio na vidole kama vyako. Kila siku dakika 20, kitu usichowahi kukiona, metronomu kwenye 60 au chini yake, na sharti moja: husimami. Ukikosea, unaendelea. Vitabu vya nyimbo za kwaya zenye sauti nne ni dawa nzuri, kwa sababu ndivyo utakavyokuwa ukisoma kazini: mistari minne kwa pamoja, kisha sauti ya tatu peke yake, kisha ya kwanza na ya nne. Jifunze pia kuacha. Skoa ya piano ya tamthilia mara nyingi imebanwa humo okestra nzima, na haipigiki yote kwa mikono miwili. Anza kuacha noti za katikati za mkono wa kulia, kisha oktava za ziada. Usiache besi, usiache mdundo, na usiache noti ya kumwingizia mwimbaji.

Hapo jazi itakusaidia kweli. Ukurasa mweusi kwa wingi wa noti, usome mezani ukiwa mbali na piano, na juu ya kila baa uandike kordi kwa penseli kama ulivyozoea. Siku ya mazoezi, macho yakizidiwa, mikono itajua pa kwenda. Tumia penseli tu: skoa nyingi za tamthilia hukodishwa kutoka kwa wenye haki, na hurudishwa zikiwa zimefutwa. Kwa sababu hiyohiyo huna ruhusa ya kubadili ufunguo (kuupandisha au kuushusha wimbo mzima) wala kupanga upya muziki kwa uamuzi wako. Mtayarishaji anaomba kibali. Na hata kibali kikipatikana, kushusha wimbo nusu toni si jambo dogo kwa wengine. Trampeti na saksafoni huandikiwa noti tofauti na zinazosikika, kwa hiyo ukitoka C kwenda B, trampeti iliyokuwa ikisoma kwenye D sasa inasoma Db yenye flati tano, na saksafoni ya alto inatoka A inakwenda Ab yenye flati nne. Karatasi zao zote lazima ziandikwe upya. Ndiyo maana funguo za waimbaji huamuliwa wiki ya kwanza, kabla bendi haijaguswa.

Kufundisha sauti ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na wapiga piano huiwazia kidogo sana. Inaanza kabla ya mazoezi. Chora jedwali: majina ya waigizaji 14 upande mmoja, nyimbo upande wa pili, na kila kisanduku uandike mtu huyo anaimba sauti gani, yuko wapi, na kama anabadili mavazi. Bila jedwali hilo utagundua kwenye jukwaa kwamba kati ya watu watatu pekee wa sauti ya tatu, wawili wako nyuma wakivalishwa wakati wa wimbo mkubwa wa mwisho. Kama onyesho lina nyimbo 18 na wiki ya kwanza ina siku sita, ni nyimbo tatu kwa siku, na siku hazitafanana, kwa hiyo zenye sauti nne zipange asubuhi watu wakiwa na nguvu.

Darasani fundisha vipande vya baa nane. Wote wajifunze melodia kwanza, hata wasioiimba, ili wajue wanaisindikiza nini. Kisha sauti ya nne, kwa sababu ndiyo itakayowashikilia wengine, kisha ya tatu na ya nne pamoja, kisha ya pili, mwisho wote. Piga mstari wa sauti moja tu kwa oktava, bila kordi, mpaka washike. Waambie mapema noti ndefu inakatwa mpigo gani na herufi ya mwisho ya neno inatamkwa wapi, la sivyo utasikia "s" kumi na nne zikiachia kwa zamu. Rekodi kila sauti kando kando, mstari wake ukisikika zaidi na zingine kwa mbali, uwatumie jioni hiyohiyo. Baada ya dakika 50 hivi wape mapumziko, na usiwarudishe mara kumi kwenye noti za juu kwa sauti kamili. Waruhusu waziguse kwa sauti nyepesi au oktava ya chini. Na jiandae kwa jambo litakalokuvunja moyo: wiki ya pili dansi zikiongezwa, kila kitu ulichofundisha kitaonekana kimepotea. Hakijapotea. Pumzi imekwenda miguuni. Omba dakika 20 kila siku za kuimba wakiwa wamesimama tu, na kaa na koreografa, yaani mtunzi wa dansi, muone ni wapi mrukaji mmoja anaweza kupunguziwa noti.

Bendi utaipata kwa muda mfupi kuliko unavyodhani. Tuseme saa tatu: dakika 180, toa 15 za mapumziko, gawa kwa nyimbo 18, unabaki na dakika tisa kwa wimbo. Kwa hiyo usianze na wimbo wa kwanza kwenda wa mwisho. Anza na zile zenye vampu, mabadiliko ya tempo na fermata; wimbo unaokwenda kwa mwendo mmoja mpaka mwisho, wapiga muziki wazuri watausoma wenyewe. Mipunguzo yote na namba za baa ziwe zimerekebishwa kwenye karatasi zao kabla hawajaketi, maana karatasi moja yenye namba tofauti inaweza kula nusu saa. Baada ya hapo ndipo huja sitzprobe, siku waimbaji na bendi wanapokutana wakiwa wameketi, bila hatua wala mavazi. Siku hiyo waimbaji watashtuka kwamba piano waliyoizoea imegawanywa kwa watu sita. Waonyeshe noti yao ya kuingilia sasa inatoka kwa nani: "Ile uliyokuwa unaisikia kwangu, sasa ni ya klarineti."

Kwenye mitambo nitagusa mawili tu. Kinanda cha kisasa hubadili sauti kwa programu kama MainStage, na mguu ndio unaosukuma pedali kutoka sauti moja kwenda nyingine. Pedali ikikanyagwa mara mbili kwa bahati mbaya, kila sauti inayofuata inakuwa hatua moja mbele: violini zinatokea palipotakiwa ogani, mpaka mwisho wa wimbo. Andika namba ya kila sauti ndani ya kisanduku kwenye skoa, na uwe na pedali ya pili ya kurudi nyuma. La pili ni skrini inayowaonyesha waimbaji sura yako. Baadhi ya kamera na skrini za kidijitali huchelewesha picha. Kuchelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwenye tempo ya 120, ni moja ya tano ya mpigo. Waimbaji watavuta na wewe utawalaumu bure. Mwambie fundi apime kuchelewa huko siku ya kwanza ya mazoezi ya kiufundi.

Je, jazi yako itakufa? Hapana, na sisemi hivyo kukufariji. Luther Henderson alifanya kazi kwa miaka mingi na Duke Ellington, gwiji wa jazi, na ndiye huyohuyo aliyeketi kwenye piano na kupanga muziki wa tamthilia ya "Ain't Misbehavin'" ilipofika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwaka 1978. Cy Coleman alikuwa na bendi yake ya watu watatu ya jazi kabla na baada ya kuanza kutunga tamthilia. Mambo uliyojifunza kwenye jazi ni adimu katika kazi hii. Mwimbaji akiruka baa nane, wewe utamsikia ndani ya mipigo miwili na kumfuata, kisha uwaambie bendi namba ya baa. Aliyezoea karatasi tu atabaki nyuma. Koreografa akitaka baa 24 za dansi zilizojengwa juu ya melodia ya wimbo, utazitunga pale pale. Kwenye usaili, mtu akileta wimbo akaomba ushushwe toni moja, utaushusha bila kuandika. Kitakachobadilika ni kwamba utacheza jambo lilelile usiku baada ya usiku, na itakubidi ulicheze kwa nia ileile. Wapo wasioweza hilo kabisa, na si aibu. Ila ujue mapema kama wewe ni mmoja wao.

Kuhusu maisha: ndiyo, yapo, lakini kwa vipindi. Onyesho linaisha na mshahara unaisha nalo. Wanaodumu hawakai kwenye kiti kimoja. Wanapiga piano ya mazoezi, ya usaili na ya madarasa ya kuimba, wanapanga sauti, wanakuwa wapigaji wa akiba. Kwenye Broadway na West End ya London, ambako onyesho hupigwa mara nane kwa wiki, mpigaji wa akiba ndiye mlango wa wengi: unapewa kitabu na rekodi, unaketi kando ya mwenye kiti ukitazama, kisha siku moja unapiga onyesho zima mbele ya hadhira bila kuwahi kufanya zoezi na bendi. Ukimudu, unaitwa tena. Mpangilio huohuo ndio unaowaruhusu wenye viti kuchukua usiku mmoja wakapige jazi. Kutoka hapo mtu hupanda kuwa kinanda cha pili, kisha msaidizi wa mkurugenzi, kisha mkurugenzi mwenyewe, na wachache huwa wasimamizi wa muziki wa maonyesho kadhaa kwa pamoja. Shahada ya kuongoza okestra inasaidia, hasa kwa kukukutanisha na watu, lakini sikushauri uache kazi kwa ajili yake sasa. Unachokosa ni kusoma, ishara na kufundisha sauti, na vyote hivyo vinajengwa kazini ukiwa na mwalimu pembeni.

Mwalimu huyo awe wa ana kwa ana. Kusoma noti utajiendeleza mwenyewe. Ishara hapana, kwa sababu kosa la ishara halisikiki, linaonekana kwa mwingine. Masomo manne hadi sita na mtu anayeongoza kwaya au okestra, akiwa amesimama mbele yako akiimba unachomwonyesha, yatakuokolea miaka. Mkono nao usiufanyie uganga wa mtandaoni: mazoezi ya saa saba kwa siku kwenye piano mbovu huumiza vifundo. Maumivu yasiyoisha baada ya siku mbili za kupumzika, au ganzi ya vidole, nenda kwa daktari au mtaalamu wa viungo. Masikio yakiendelea kuvuma mpaka kesho yake baada ya kukaa karibu na matoazi, kapimwe usikivu, na utafute vizibo vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki. Mkataba, kabla ya kusaini, usomwe na mwanasheria au chama cha wanamuziki, hasa kifungu cha nani anamiliki mipangilio ya sauti utakayoiandika.

Sasa mpigie mtayarishaji. Mwambie unaitaka kazi hiyo, na unapendekeza uwe mpiga piano wa mazoezi na msaidizi wa mkurugenzi wa muziki, chini ya mtu aliyewahi kuongoza onyesho angalau moja la ukubwa huo. Omba skoa wiki nne kabla ya mazoezi kuanza. Omba uongoze mazoezi ya sauti ya nyimbo mbili tangu mwanzo hadi mwisho, na uongoze onyesho moja zima katika wiki ya tatu, mkurugenzi akiwa ukumbini anakutazama. Malipo ya piano ya mazoezi, ya maonyesho na ya mipangilio yaandikwe kila moja peke yake. Akijibu kwamba bajeti ni ya mtu mmoja tu, muulize mambo matatu: skoa ina kurasa ngapi, nyimbo zenye sauti nne ni ngapi, na bendi itapatikana kwa saa ngapi kabla ya sitzprobe. Kama nyimbo za sauti nne hazizidi tano, bendi ina angalau saa sita, na skoa unaipata mapema, chukua ukurugenzi na uanze masomo ya ishara wiki hiyohiyo. Kama ni pungufu ya hapo, mkatalie kwa heshima cheo hicho, na umwombe akuweke kwenye orodha ya wapigaji wa akiba wa onyesho hilohilo.